SHAABAN ROBERT: MFIWA ALIYEYAGEUZA MACHOZI KUWA WOSIA

Ndugu msomaji, kama uliwahi kukesha matangani, iwe Mbinga milimani au Liuli na Mbamba Bay ambako mawimbi ya Ziwa Nyasa husikika usiku kucha, bila shaka wajua jinsi usiku wa mfiwa ulivyo mrefu. Waliokuja kuhani wamejilaza mikekani, moto unafifia, lakini yeye aliyeondokewa hapati usingizi. Hapo ndipo swali humjia moyoni: Je, kuhuzunika hivi ni upungufu wa imani? Na huzuni hii aifanyie nini? Yafaa basi tuyatazame maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo kwa kalamu yake.

Mtu huyo ni Shaaban Robert. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, karibu na Tanga, mbali na ziwa lenu. Hata hivyo si mgeni kwenu, kwani asili yake ni Wayao, ambao nchi yao ya kale iko mashariki ya Ziwa Nyasa, ng'ambo ya mto Ruvuma. Alikuwa Mwislamu. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni mpaka 1944. Hakupata kusoma chuo kikuu. Mchana alikuwa mtumishi wa ofisi kama watumishi wengine. Utunzi ulikuwa kazi ya nafsi yake.

Katika maisha hayo ya kawaida msiba ulimfika. Mkewe, Amina, alifariki dunia. Shaaban hakujifanya jiwe. Alimtungia shairi la maombolezo linaloitwa kwa jina lake, na humo anasema naye kama mtu anayesema na aliye karibu: anamlilia, anamwombea, tena anatumaini kukutana naye mbinguni. Zingatia, msomaji, kwamba kilio na tumaini vimo katika shairi moja, wala kimoja hakikumfukuza mwenziwe. Na hivyo ndivyo dini inavyofundisha. Mtume Muhammad (s.a.w.) mwenyewe alitokwa na machozi mwanawe mdogo Ibrahim alipofariki, na Nabii Yakubu alimlilia Yusufu hata macho yake yakaharibika, wala hakukata tamaa ya rehema ya Mwenyezi Mungu. Machozi si kosa. Kosa ni kukata tamaa.

Lakini Shaaban hakuishia kwenye kilio. Alifahamu kwamba yeye naye atakufa, na watoto watabaki. Kwa hiyo alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, akiwausia kumcha Mungu na kuishi vema na watu. Katika jambo hili alifuata njia iliyopitwa zamani na Mwana Kupona wa Pate, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, naye hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Hivyo basi, mauti yaliyoweza kumnyamazisha mzazi ndiyo yaliyomfanya aseme upesi lililo la lazima.

Wala Shaaban hakuogopa kuwasikiliza waliofikiri vingine juu ya kifo. Alitia katika Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam, mtaalamu wa Uajemi aliyefariki mwaka 1131, ambamo ufupi wa maisha unatajwa kuwa sababu ya kunywa na kustarehe. Aliyafasiri kwa uaminifu, lakini yeye katika tungo zake alishika njia nyingine: kwa kuwa maisha ni mafupi, wema usicheleweshwe. Kwa moyo huo aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki 1950, ili mwanamke aliyezaliwa katika umaskini asisahauliwe.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Tenzi alizowaandikia watoto wawili zimesomwa na watoto wasiohesabika.

Basi, ndugu msomaji, usiku utakaponyimwa usingizi kwa ajili ya msiba, usijilaumu kwa kulia. Inuka ukatawadhe, umwombee aliyetangulia. Kisha watazame waliolala kando yako, ujiulize ni neno gani wanalolihitaji kutoka kwako ambalo bado hujawaambia. Kukipambazuka, waambie. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia na awape subira waliobaki. Amin.