Dkt. Edith Pechey, Daktari Aliyeongoza Hospitali ya Wanawake Bombay

Mama mjamzito anayehudumiwa na daktari mwanamke katika Hospitali ya Mount Meru jijini Arusha leo haoni ajabu. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika karne ya 19, jambo hilo lilipiganiwa.

Dkt. Edith Pechey alizaliwa Uingereza mwaka 1845. Mwaka 1869 alijiunga na wenzake kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, lakini alinyimwa ufadhili alioustahili katika kemia kwa kuwa ni mwanamke. Chuo hicho kilipokataa kuwatunuku shahada, aliipata Bern, Uswisi, mwaka 1877.

Wakati huo India ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na wanawake wengi wa Bombay walikuwa radhi kuvumilia maradhi kuliko kupimwa na daktari mwanaume. Mwaka 1882 Mmarekani George Kittredge na Sorabji Shapurji Bengali walianzisha mfuko wa kuwaleta madaktari wanawake. Dkt. Pechey aliwasili mwaka 1883. Hospitali ya Cama, iliyojengwa kwa mchango wa tajiri Pestonji Hormusji Cama, ilifunguliwa mwaka 1886 chini ya uongozi wake.

Hapo alianzisha mafunzo ya wauguzi, akadai ujira sawa kwa wanawake na kupinga ndoa za utotoni. Alifariki dunia mwaka 1908.

Maisha yake yanathibitisha kuwa kumpangia daktari mwanamke kituo cha kazi hakutoshi. Sharti apewe pia madaraka na malipo yanayolingana na wajibu wake.