Nayeche, bibi wa Waturkana na binti wa Wajie

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha mighani katika somo la fasihi simulizi, majina humjia upesi. Atamtaja Fumo Liyongo wa pwani, atamtaja Lwanda Magere wa Waluo, na pengine atamwongeza Mekatilili wa Menza, ingawa huyu ni wa historia iliyoandikwa zaidi kuliko wa mighani. Jina la Nayeche ni nadra kulisikia katika orodha hiyo. Jambo hili ni la kushangaza, kwani kuanzia Kaaleng hadi Lodwar, na kutoka Lodwar hadi Kakuma, ni vigumu kumpata mzee asiyelijua. Tena ukivuka mpaka wa Kenya ukaingia Kotido, katika nchi ya Wajie huko Uganda, utalikuta jina hilohilo likitajwa kwa heshima ileile. Ni wafu wachache wanaodaiwa na jamaa wa nchi mbili kwa pamoja, kila upande ukiamini kwamba marehemu ni wake.

Nakusudia kusimulia maisha ya mwanamke huyo kwa kadiri yanavyokumbukwa. Yaeleweke tangu mwanzo kwamba hakuna cheti wala waraka wa wakati wake. Wanahistoria waliokusanya masimulizi ya wazee, hasa John Lamphear, aliyechapisha historia ya jadi ya Wajie mwaka 1976, huyaweka matukio haya mwanzoni mwa karne ya 18. Mustafa Mirzeler naye alitoa kitabu kizima mwaka 2014 kuhusu Nayeche na fahali wake, baada ya kuwasikiliza wasimulizi wa pande zote mbili za mpaka. Hayo ndiyo tuliyo nayo katika maandishi. Mengine yamo vinywani mwa watu.

Kwa masimulizi ya Wajie, Nayeche alizaliwa katika boma la Orwakol, yule anayetajwa kuwa mwasisi wa jamii yao kwenye uwanda wa juu wa Karamoja. Wajie ni wafugaji wanaolima pia, na mtama ni chakula chao cha asili. Katika maisha ya namna hiyo mwanamke ndiye mwenye shamba na ghala, na mwanamume ndiye mwenye zizi. Kukaja ukame. Malisho yakakauka, mtama ukashindwa kustawi, na njaa ikaingia bomani. Katika zizi la Orwakol mlikuwa na fahali wa kijivu aitwaye Engiro. Fahali huyo akatoroka, akashika njia ya mashariki, na Nayeche akazifuata alama za kwato zake.

Hapa inafaa tutue kidogo. Mtu asiyejua nchi ile aweza kudhani kwamba huu ni mwanzo wa ngano ya kuwachekesha watoto. Sivyo hata kidogo. Mfugaji wa maeneo makavu anajua kwamba ng'ombe akipotea wakati wa kiangazi huenda kunuka maji na majani. Kufuata kwato ni elimu, na aliyeipata elimu hiyo huokoka. Kwa hiyo Nayeche hakupotea, wala hakutanga ovyo. Alimfanya mnyama mwenye pua kali kuwa kiongozi wake, akaenda polepole akisoma ardhi.

Njia yake ilimshusha kwenye magenge yanayotenganisha uwanda wa juu wa Karamoja na nchi ya chini iliyo kavu zaidi, akafika bonde la mto Tarach. Huko chini alikuta matunda ya mwituni kwa wingi. Alimkuta fahali amenona. Akaweka makao kwenye kilima ambacho hadi leo kinaitwa Moru Anayeche. Kwa wanafunzi wa isimu jina hilo ni zawadi, maana linachanganulika waziwazi: moru ni jiwe au mlima, na kile kijisilabi cha kati hufanya kazi ifanywayo na kihusishi cha a-unganifu katika Kiswahili. Ni mlima wa Nayeche, basi. Ramani nzima ya Turkana imejaa majina ya aina hiyo, na kila jina ni ukurasa wa historia ambao hatujaufungua.

Nayeche aliishi pale kwa kuchuma matunda, kuyakausha na kuyaweka akiba. Angalia jambo hili: aliichukua kazi ya ghala, aliyoijua kwao, akaihamishia katika nchi isiyo na mtama. Wanaume wa kwao nao walikuwa wakimtafuta fahali. Masimulizi hutaja vijana wanane walioshuka magenge wakiandama kwato zilezile, hata wakamfikia. Aliwalisha, akawaonyesha nchi na malisho yake. Vijana wakarudi kwao na habari njema, kisha wakashuka tena pamoja na mifugo, na vijana wengine wakafuata. Waliokusudia kukaa msimu mmoja walikaa moja kwa moja. Baada ya vizazi kadhaa hawakuwa tena Wajie waliokwenda malishoni. Walikuwa Waturkana, na kabla ya karne ya 19 kwisha walikuwa wameenea hadi kwenye ufuo wa ziwa tuliitalo leo Ziwa Turkana.

Nayeche alifariki katika nchi aliyoiona kwanza. Kaburi lake huonyeshwa hapohapo Moru Anayeche. Kuhusu ndoa na watoto wake masimulizi ninayoyafahamu hayana shughuli nayo sana, na nadhani ukimya huo una maana. Hakumbukwi kwa sababu alizaa taifa kwa tumbo lake. Anakumbukwa kwa sababu alijua pa kukaa na namna ya kuishi hapo.

Sasa tuzilinganishe kumbukumbu mbili. Wajie aghalabu humsimulia Nayeche kama binti wa Orwakol, mwana wa nyumbani aliyetoka asirudi. Waturkana nao humsimulia kama bibi kizee aliyekutwa tayari yuko kilimani, mjuzi wa matunda, mwenyeji wa nchi mpya. Mtu yule yule ni msichana upande mmoja na ni ajuza upande wa pili. Mwanahistoria mwenye haraka atasema kwamba mojawapo ya habari hizi ni kosa. Mimi sioni kosa. Wajie wanamkumbuka aliyeondoka, na mtu akiondoka hubaki katika umri aliokuwa nao siku ya kuagana. Waturkana wanamkumbuka aliyewapokea, na anayewapokea watu katika nchi ngeni sharti awe mzee wao. Kila upande umeihifadhi nusu iliyouhusu. Ukiitupa nusu moja, hubaki na Nayeche bali na picha yako mwenyewe.

Lugha zinathibitisha udugu huo kwa nguvu zaidi kuliko kaburi. Kiturkana, Kijie, Kikarimojong, Kitoposa cha Sudan Kusini na Kinyangatom cha Ethiopia ni lugha za kundi moja la Ateker, na Kiteso ni ndugu yao wa mbali kidogo. Mungu ni Akuj na maji ni ngakipi kwa Mturkana na kwa Mjie. Hata ile tabia ya kuinong'ona irabu ya mwisho wa neno, ambayo humtaabisha mgeni asiyeisikia, wanashirikiana. Mtoto wa Kaaleng, aliye karibu zaidi na mpaka wa kaskazini, aweza kuelewana na Mtoposa au Mnyangatom kabla hajajifunza sentensi moja ya Kiingereza.

Lakini tusidanganyane kwamba Waturkana wote walishuka magenge pamoja na ng'ombe wa kijivu. Nchi ile haikuwa tupu. Palikuwa na watu waliotangulia, miongoni mwao Wasiger, ambao jina lao limebaki katika mlima Moru Assiger na katika Ngissiger, mojawapo ya sehemu za Waturkana wenyewe. Walimezwa, au tuseme waliungana. Hata ukoo wa Meturona, uliotoa waaguzi wakubwa wa karne ya 19 kama Lokerio, husemwa kuwa na asili ya Wasiger. Ngamia nao waliingia katika maboma ya Waturkana kwa kukutana na majirani wa mashariki, si kutoka kwa Orwakol. Kwa hiyo anayemtaja Nayeche ili kudai damu safi amemtaja mtu asiyefaa kwa dai hilo. Masimulizi yake ni ya watu walioacha kuwa kitu kimoja wakawa kingine.

Nalisisitiza hili kwa sababu kumbukumbu ya udugu uliotawanyika ni kitu chenye makali pande mbili, na dunia imetuonyesha. Warusi waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1917 walibeba ughaibuni jina la mshairi wao Pushkin, ambaye baba ya babu yake mzaa mama, Abram Gannibal, alitoka Afrika. Mwaka 1937 ilipotimia miaka 100 tangu kifo cha Pushkin, serikali ya Kisovieti iliadhimisha mjini Moscow, na wakimbizi walioichukia serikali hiyo wakaadhimisha mjini Paris. Mfu mmoja, matanga mawili. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, Warusi wapatao milioni 25 walijikuta nje ya mipaka ya Urusi bila wao kuhama hata hatua moja. Kumbukumbu hiyohiyo ya undugu ikaja kutumiwa kuhalalisha kunyakuliwa kwa Crimea mwaka 2014 na uvamizi wa Ukraine mwaka 2022.

Waturkana pia walihamishwa na mpaka bila kusogea. Mkoa wa Rudolf, uliokuwa na sehemu kubwa ya nchi yao, ulikuwa chini ya Uganda hadi ulipotiwa katika Kenya mwaka 1926. Tangu hapo safari ya Nayeche ikawa kuvuka mpaka wa kimataifa. Wafugaji waliendelea kupanda magenge wakati wa kiangazi kutafuta malisho kwa Wajie na Wamatheniko, na kubadilishana mifugo kwa mtama. Waliendelea pia kuibiana na kuuana. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, silaha za kambi ya Moroto ziliporwa, na wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki ukawa wa bunduki za kisasa. Nayeche hakuuzuia umwagaji damu huo. Wala nisingependa mwalimu awaambie wanafunzi kwamba aliuzuia.

Alichokifanya ni kubakiza lugha ya kurudiana. Wazee wa pande mbili wanapokaa kutafuta amani, jambo la kwanza ni kukumbushana kwamba walitoka boma moja. Mnamo Septemba 2019 marais wa Kenya na Uganda walitia saini mkataba wa amani na maendeleo ya mpakani huko Moroto. Miaka michache baadaye, mwaka 2022, wanajiolojia na askari waliokuwa nao waliuawa upande wa Uganda, na mwezi Mei 2023 Rais Museveni akatoa amri iliyowapa wafugaji wa Turkana muda wa miezi sita kuwatoa wauaji na kusalimisha silaha, au wafukuzwe pamoja na mifugo yao. Kuwashtaki wauaji ni haki. Ila amri ya kulifukuza kundi zima inawaona watu hao kuwa wageni tu, na hapo ndipo elimu yetu ilipowaangusha viongozi, kwani kizazi cha wasomi kilikariri kwamba Waturkana ni Waniloti wa Nyanda walioingia Kenya kutoka kaskazini-magharibi, kikapata alama, kisijue walimwacha nani nyuma.

Serikali ya Kaunti ya Turkana imejitahidi. Tamasha la Tobong'u Lore, ambalo jina lake huwaita watu warudi nyumbani, limekuwa likiwakusanya Lodwar jamaa wa Ateker kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Ni jambo jema. Hofu yangu ni kwamba tamasha hudumu siku chache, na likiisha jina la Nayeche hubaki kwenye fulana na mabango. Darasa hudumu mwaka mzima. Mwalimu wa Kakuma akiwatuma wanafunzi wakakusanye habari za Nayeche kwa bibi zao, na mwenzake wa Kotido akafanya vivyo hivyo, kisha wakabadilishana daftari, watapata somo la fasihi simulizi, la historia na la isimu kwa gharama ya stempu chache. Wanafunzi watauliza kwa nini upande mmoja ni binti na wa pili ni bibi. Hilo swali lina thamani kuliko majibu yote ya vitabu vya marudio.

Na Kakuma pana darasa jingine ambalo halikukusudiwa. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992, na pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na kwingineko. Imejengwa kando ya Tarach, mto uleule ambao masimulizi yanasema Nayeche aliufuata aliposhuka akiikimbia njaa. Watoto waliozaliwa pale husema Kiswahili wanapocheza na watoto wa Kiturkana. Ajuza wa nchi ile, waliofika wakikuta Nayeche amewatangulia, sasa ndio wenyeji, na wanaokuja wanaulizwa wametoka wapi na watarudi lini.