Ewald Ovir

Ewald Ovir (1873 – 20 Oktoba 1896) alikuwa mmisionari Mlutheri kutoka Estonia, nchi iliyokuwa wakati huo sehemu ya Dola la Urusi. Anakumbukwa pamoja na mwenzake Karl Segebrock wa Latvia, kwa kuwa wote wawili waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru.

Ovir alitumwa na Misheni ya Leipzig ya Ujerumani. Misheni hiyo ilianza kazi kati ya Wachaga mwaka 1893, kituo cha kwanza kikiwa Machame. Kutoka Kilimanjaro wamisionari walitazama magharibi, ambako Wameru na Waarusha walikuwa bado hawajawekwa chini ya utawala wa Kijerumani.

Mnamo Oktoba 1896 Ovir na Segebrock walifika Meru wakiwa na Wachaga kadhaa. Mangi Matunda aliwapokea na kuwapa mahali pa kujenga huko Akeri. Bahati mbaya, siku zilezile Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa boma la Moshi, alikuwa karibu na kikosi chake cha askari. Vijana wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha hawakuona sababu ya kutofautisha hema la mhubiri na kambi ya jeshi: wageni walikuwa Wazungu, na walikuwa wamekuja kwa pamoja. Usiku wa kuamkia tarehe 20 waliwashambulia wamisionari na kuwaua, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Kisha wakaiendea kambi ya Johannes, wakarudishwa nyuma kwa bunduki. Ovir alikuwa na umri wa miaka 23 tu.

Kisasi kilikuwa kikubwa kuliko tukio lenyewe. Kabla ya mwezi kwisha Johannes alirudi na askari pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga. Watu wengi waliuawa, nyumba na migomba vikaharibiwa, ng'ombe na wanawake wakachukuliwa. Mwaka 1900 Wajerumani walijenga boma la Arusha kwa kazi ya kulazimishwa. Jengo hilo sasa ni makumbusho.

Misheni ya Leipzig ilirudi Meru mwaka 1902, safari hii Nkoaranga, ambako baadaye ilijengwa hospitali. Makaburi ya Ovir na Segebrock yako Akeri, katika eneo la Dayosisi ya Meru ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.