Mwiba wa Mechnikov

Mwaka jana niliegemea mlango mmoja mkongwe pale Ndia Kuu, kibanzi kikanichoma kidole. Siku ya tatu kidole kimetunga usaha. Nyanya akanikanda kwa maji moto ya chumvi, nami nikawa najiuliza, huu usaha watoka wapi? Aliyetupa jibu ni Elie Mechnikov.

Alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkov, katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Hakuwa daktari, la, alikuwa mtaalamu wa elimu ya wanyama. Mwaka 1882, akiwa Messina, Italia, alichukua watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao miili yao yaonyesha ndani kama kioo, akawadunga miiba ya waridi. Usiku ule usingizi haukumjia. Asubuhi akatazama kwa darubini: chembe zimeuzunguka mwiba pande zote! Ndipo akashika kwamba chembe nyeupe za damu yetu ni askari, humla adui anayeingia mwilini. Na usaha, kumbe, una maiti za askari hao. Wataalamu wengi walimpinga kwa miaka, lakini mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Mimi linalonishangaza zaidi ni ujasiri wake, au tuseme ukaidi. Mwaka 1881, akiwa na huzuni nyingi za nyumbani, alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya kurudirudi ili ajue kama yaambukiza kwa damu. Akaugua sana. Mwaka 1892, akiwa kwenye Taasisi ya Pasteur jijini Paris, alikunywa vijidudu vya kipindupindu. Hakupata lolote. Basi wengine nao wakajitolea, na mmoja wao kipindupindu kikamshika, nusura afe. Hapo simsifu. Roho yake ni yake, lakini ya mtoto wa watu je?

Alifariki Paris mwaka 1916.

Siku hizi, hapo Kilifi kwa jirani zetu, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI, watu hujitolea damu kwa utafiti wa malaria. Damu huzungushwa kwa kasi kwenye mashine, chembe nyeupe zikajitenga, zikawekwa kwenye baridi kali zichunguzwe. Lakini kwanza mtu huelezwa kila kitu kwa lugha anayoielewa ndipo atie sahihi, na akitaka kujitoa katikati, hujitoa.