U Thant, mwalimu aliyeongoza ONU wakati Afrika ilipopata viti vyake katika Baraza la Usalama

Wazee walioishi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakati wa kujitenga kwa Katanga wanamkumbuka U Thant kama mkubwa wa Umoja wa Mataifa (ONU) ambaye kofia zake za bluu zilimaliza utawala wa Moïse Tshombe. Lakini wakati wake kulifanyika pia jambo lingine ambalo linaigusa Kongo hata leo. Baraza la Usalama lilitoka viti 11 na kufika viti 15, na inchi za Afrika na Azia zikapata nafasi zilizokuwa zimenyimwa. Ilikuwa mara ya kwanza, na mpaka sasa ni mara moja tu.

Thant alizaliwa tarehe 22 mwezi wa kwanza mwaka wa 1909 katika muji mdogo wa Pantanaw, inchini Birmania, ambayo leo inaitwa Myanmar. Wakati ule ilikuwa koloni ya Uingereza. Jina lake lilikuwa Thant tu. Hilo U la mbele ni neno la heshima kwa mwanaume, kama vile Wakongo wanavyosema Mzee. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wavulana wanne. Baba yake, mwenye kuwa na mali, alikufa Thant akiwa na miaka 14, na ugomvi wa urithi ukaiacha familia katika shida. Kijana huyo alitaka kusoma sana, lakini alichukua masomo mafupi ya ualimu katika Rangoon ili arudi haraka kumsaidia mama yake na wadogo zake. Akafundisha Pantanaw, na bado kijana akawa mkubwa wa shule, yule ambaye katika Kongo anaitwa prefe.

Katika shule hiyo alifanya urafiki na U Nu, ambaye baada ya uhuru wa mwaka wa 1948 alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Birmania. U Nu alimwita rafiki yake serikalini. Thant akaongoza radio ya taifa, kisha akawa mwandishi wa karibu wa waziri mkuu.

Kazi hiyo ilimpeleka Bandung, inchini Indonesia, mwezi wa ine mwaka wa 1955. Inchi 29 za Azia na Afrika zilikutana pale bila wakoloni kuwa mezani. Thant alitumika kama sekretere katika mkutano huo. Ndani ya tangazo la mwisho, inchi hizo zilisema kwamba nafasi yao katika Baraza la Usalama haitoshi.

Walikuwa na sababu. ONU ilipoanzishwa mwaka wa 1945 ilikuwa na memba 51, na kati yao wa Afrika walikuwa wane tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika ya Kusini, ambayo ilitawaliwa na Wazungu wachache. Baraza la Usalama lilikuwa na viti vitano vya kudumu vyenye haki ya veto, na viti sita vya kupokezana. Katika mapatano ya wakubwa ya mwaka wa 1946 juu ya kugawa viti hivyo sita, hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa jina la Afrika. Misri iliingia mwaka huo kwa upande wa Mashariki ya Kati.

Mwaka wa 1957 Thant alitumwa New York kuwa balozi wa Birmania. Alikuwa pale mwaka wa 1960, wakati inchi 16 za Afrika zilipopokelewa kwa mwaka mmoja, Kongo ikiwa moja yao. Ukumbi ulijaa, lakini meza ya Baraza ilibaki na viti vilevile 11. Mara kadhaa inchi mbili zililazimishwa kugawana muhula mmoja wa miaka miwili, kila moja mwaka wake, kwa sababu hakuna upande uliokubali kushindwa. Liberia, kwa mfano, ilipata mwaka wa 1961 peke yake.

Tarehe 18 mwezi wa tisa mwaka huo wa 1961, katibu mkuu Dag Hammarskjöld alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akiwa njiani kuzungumza na Tshombe. Muungano wa Kisovieti ulitaka wakubwa watatu waongoze pamoja: mmoja wa Magharibi, mmoja wa Mashariki na mmoja asiye na upande. Inchi nyingi zilikataa. Mwishowe wote wakapatana juu ya mwalimu wa Pantanaw. Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja alikuwa mtu wa kwanza asiyetoka Ulaya kuongoza ONU.

Alirithi moto wa Kongo. Mwaka wa 1962 alitoa mpango wa kurudisha Katanga ndani ya inchi: katiba ya majimbo, jeshi moja, na mapato ya madini kugawanywa nusu kwa nusu kati ya jimbo na serikali kuu. Tshombe alikubali kwa mdomo, lakini utekelezaji haukuja. Mwisho wa mwaka huo kofia za bluu zilisonga mbele, na katikati ya mwezi wa kwanza mwaka wa 1963 Tshombe akatangaza mwisho wa kujitenga. Mwaka huo wa 1962 ulikuwa pia wa mgogoro wa Kuba, ambamo Thant alisaidia kutuliza Marekani na Wasovieti, na wa msiba nyumbani: kijana wake Tin Maung alikufa baada ya kuanguka kutoka kwa basi katika Rangoon.

Mwezi wa tano mwaka wa 1963, maraisi wa Afrika waliokutana Addis Ababa kuanzisha umoja wao waliomba sehemu ya haki katika Baraza. Hawakutaka kumnyang'anya mwingine kiti. Walitaka viti viongezwe. Tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili, siku moja baada ya Kenya na Zanzibar kupokelewa, kura ikapigwa katika Mkutano Mkuu: 97 ndiyo, 11 hapana, 4 bila upande. Ufaransa na Wasovieti walikataa. Marekani na Uingereza hawakuchagua upande. Kati ya wenye viti vya kudumu, ni China ya Taipei pekee iliyokubali.

Katibu mkuu hana kura. Kazi ya Thant ilikuwa kupokea hati za kuthibitisha, kwa maana mabadiliko yalihitaji theluthi mbili za memba pamoja na wakubwa wote watano. Hapo ndipo umoja wa Afrika na Azia ulionyesha nguvu: hakuna mkubwa aliyetaka kuonekana ndiye anayewafungia mlango. Mmoja baada ya mwingine, hata waliokataa wakatia sahihi. Marekani ilikuwa ya mwisho kati ya watano, tarehe 31 mwezi wa nane mwaka wa 1965, na siku hiyo sheria ikaanza kazi.

Katikati ya kungoja huko, Stanleyville, Kisangani ya leo, ilishambuliwa na askari wa miavuli wa Ubelgiji waliobebwa na ndege za Marekani, mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1964. Malalamiko ya Waafrika yalisikilizwa na Baraza la zamani, ambamo kati ya viti 11 Afrika ilikuwa na Moroko na Cote d'Ivoire tu. Katika Baraza jipya, viti kumi vya kupokezana viligawanywa hivi: vitano kwa Afrika na Azia, viwili kwa Amerika ya Kilatini, viwili kwa Ulaya ya Magharibi na wenzao, kimoja kwa Ulaya ya Mashariki. Mwaka wa 1966 Uganda, Mali na Nigeria zilikaa pale pamoja. Lakini veto haikuguswa.

Thant alitoka kazini mwisho wa mwaka wa 1971, akiwa amelaumiwa sana kwa kuondoa askari wa ONU Misri kabla ya vita ya 1967. Alikufa New York tarehe 25 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1974 kwa kansa ya mapafu. Utawala wa kijeshi wa Ne Win, uliomwangusha U Nu, ulimnyima heshima za taifa. Wanafunzi wa Rangoon walilichukua sanduku lake na kumzika kwenye chuo kikuu. Siku chache baadaye askari waliingia kwa nguvu, watu wakauawa, na mwili ukapelekwa kuzikwa karibu na pagoda ya Shwedagon.

Leo ONU ina memba 193, na Baraza bado lina viti 15. Afrika ina vitatu vya kupokezana na hakuna cha kudumu. Tangu mwaka wa 2005 inaomba viwili vya kudumu na vitano vya kupokezana. Kongo, iliyokaa pale mara mbili ikiitwa Zaire, ilichaguliwa tena kwa miaka ya 2026 na 2027. Itakaa kwenye kimoja cha viti vilivyozaliwa na kura ya 1963, mezani ambapo kazi ya MONUSCO katika mashariki ya inchi inaamuliwa, ikiwa na sauti lakini bila veto.