Stu Ungar: Mfalme wa poka aliyetisha kila meza, farasi wakamfilisi

Waulize wanaocheza poka mtandaoni ni nani aliyeuonyesha ulimwengu raha ya kushambulia, na jina la Stu Ungar halitakosa. Jamaa huyu alifariki 1998, kabla poka ya intaneti haijashika kasi, lakini staili yake bado inaigwa na vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa enzi zake. Alishinda mamilioni ya dola na akafa bila kitu. Ukichunguza vizuri, utaona vyote viwili vilitoka kwa tabia moja.

Kwanza tuelewane. Hii si ile poka ya mtaani ambapo unamaliza kadi na kutangaza kwamba uko kadi. Katika Texas hold'em kila mchezaji hupewa kadi mbili za siri, kisha kadi tano hufunuliwa mezani kwa awamu, na kila mtu anaweza kuzitumia. Katika kila awamu unaweza kuweka dau, kulipa dau la mwenzako, kulipandisha, ama kutupa kadi zako na kujitoa.

Hapo ndipo mitindo miwili huzaliwa. Mchezaji mpole hulipa dau za wenzake na kungoja aone kitakachotokea. Ni kama timu iliyopaki basi. Ana njia moja tu ya kushinda: mwishowe kadi zake ziwe bora. Mshambulizi yeye hupandisha dau kila mara, kwa hivyo ana njia mbili: kadi zake ziwe bora, au wenzake waingiwe na baridi na kutupa zao. Hata akiwa na kadi mbovu bado anaweza kubeba pesa. Lakini kushambulia ovyo ni kujichimbia kaburi, kwani mpole mwenye subira atangoja apate kadi nzuri kisha akumalize. Lazima ujue ni nani anaogopa, na lini.

Ungar alijua hayo mapema sana. Alizaliwa Septemba 8, 1953, jijini New York, na kulelewa Lower East Side, Manhattan. Babake alikuwa na baa, na humo humo akapokea dau za kamari kinyume cha sheria. Kijana akakua akitazama watu wazima wakipoteza pesa. Akiwa na umri wa kama miaka kumi hivi tayari alikuwa anawapiga wakubwa katika gin rummy, mchezo wa kadi unaohitaji kumbukumbu kali. Babake alipofariki, Stu alikuwa bado mvulana. Aliacha shule, akaanza kumtunza mamake na dadake kwa pesa za kadi.

Tatizo la kuwa moto sana ni kwamba watu wanakukimbia. Katika gin aliwanyorosha mabingwa hadi wengine wakakataa kabisa kukaa naye meza moja. Alihamia Miami, kisha Las Vegas mwishoni mwa miaka ya 1970. Huko kasino zikamfungia mlango wa blackjack, maana aliweza kukumbuka kadi zilizokwisha kutoka na kukisia zilizobaki. Poka ndiyo iliyobaki.

Mwaka wa 1980 aliingia shindano kuu la World Series of Poker katika kasino ya Binion's Horseshoe. Alikuwa na miaka 26, mwili mdogo, sura ya mtoto wa shule. Wakampa jina la The Kid. Fainali ilikuwa kati yake na Doyle Brunson, simba wa Texas aliyekuwa bingwa tayari mara mbili. Katika mkono wa mwisho Brunson alikuwa na A na 7, na kadi tatu za kwanza mezani zikawa A, 7 na 2. Yaani jozi mbili mkononi mwa mzee. Ungar alikuwa na 5 na 4 tu, lakini hakukimbia. Kadi ya nne ikawa 3, akapata mfululizo wa A hadi 5, na mchezo ukaisha. Dola 365,000 zikawa zake. Mwaka uliofuata akatetea taji na kubeba dola 375,000 nyingine.

Wapinzani hawakulalamikia bahati yake. Walilalamikia kukosa pumzi. Kila dau dogo walilolilegeza, Ungar alilichukua. Walipochoka na kuamua kumkabili, ndipo aliwaonyesha kadi kali.

Lakini akitoka mezani, mkono haukutulia. Alipeleka pesa kwa mbio za farasi na mechi za michezo, kwa kasi ile ile. Hapa ndipo hesabu ilimgeuka. Mtu anaweza kutishwa na dau kubwa akatupa kadi. Farasi hajui umeweka ngapi. Timu haiogopi dau lako. Ile njia ya pili ya kushinda, silaha yake kuu, huko haikuwepo kabisa. Alibaki mpole bila kujua, akilipa tu na kungoja matokeo.

Kokeini ikamaliza yaliyobaki. Mwaka wa 1990, katikati ya shindano hilo hilo, alipatikana amezimia katika chumba cha hoteli. Kiti chake kikabaki kitupu huku dau za lazima zikikatwa kila raundi. Alikuwa amewaacha wenzake mbali kiasi kwamba alimaliza wa 9 bila kuwepo, na bado akapata zawadi.

Mwaka wa 1997 hakuwa hata na pesa za kiingilio. Rafiki yake, Billy Baxter, akamlipia dola 10,000. Akiwa na miwani ya buluu usoni, iliyoficha pua iliyoharibiwa na dawa, alipita katikati ya wachezaji 312 na kushinda taji la tatu na dola milioni moja, alizogawana na Baxter. Ndani ya miezi michache zote zilikuwa zimeyeyuka. Mwaka uliofuata Baxter alimlipia tena, lakini Ungar akajiondoa kabla ya mchezo kuanza.

Novemba 22, 1998, alipatikana amekufa katika chumba cha moteli ya bei nafuu Las Vegas. Moyo ulikuwa umechoshwa na miaka ya dawa. Alikuwa na miaka 45, na marafiki walichanga pesa za kumzika.

Miaka mitano baadaye, mhasibu Chris Moneymaker alifuzu kupitia mtandao na kushinda taji hilo hilo, na vijana wakafurika intaneti kujifunza kushambulia. Walichukua nusu ya somo la Ungar. Nusu ya pili inamhusu kila anayepanga mkeka wikendi hii: kabla hujaongeza dau, jiulize kama kuna mtu upande wa pili anayeweza kuogopa. Kama hayupo, ujasiri wako hausaidii chochote. Ni pesa yako tu inayoondoka.