HASIRA ZA SAYYIDNA UMAR

Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alikuwa mkali kwa maumbile, na Sayyidna Abubakar (R.A.) alikuwa mpole. Mtume (S.A.W.) alipowataka shauri juu ya mateka wa Badr, mwaka wa 2 wa Hijra (624), Abubakar alipendelea wakombolewe kwa fidia, Umar akataka wauawe. Hitilafu hiyo haikuvunja udugu wao. Mwaka wa 13 (634), Abubakar alipokaribia kufa, alimwachia Umar Ukhalifa, ingawa wako waliouchelea ukali wake.

Siku moja Uyayna bin Hisn aliingia kwa Khalifa akamtuhumu kuwa hatoi vya kutosha wala hahukumu kwa haki. Umar akaghadhibika hata akakaribia kumwadhibu. Hurr bin Qays, mtoto wa nduguye Uyayna, akamsomea aya ya Suratul Aaraf iamrishayo kusamehe na kuwapuuza wajinga. Papo hapo Umar akajizuia.

Ndugu Waislamu, mwenye dola nzima mkononi alizuiwa na aya moja. Basi na asijitetee mtu kwa umbile lake, akamwonea mkewe au jirani, na Kurani anaisoma kila siku.